Jumuiyani Yesu apewe muda wa kufundisha

Mhariri,

Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni katekista wa kigango kimoja huku Mbinga, kazi niliyoianza nikiwa bado nafundisha shule ya msingi. Tangu ujana wangu watu hawaniiti kwa jina. Sokoni, kisimani na hata msibani mimi ni Mwalimu tu. Jina hili nchi yetu inaliheshimu sana: Julius Nyerere aliacha kufundisha Pugu mwaka 1955, akawa Waziri Mkuu, akawa Rais, na bado mpaka leo tunamwita Mwalimu.

Basi kila Kwaresima, Jumanne ya wiki ya pili, inapofika Injili ya Mathayo sura ya 23, huwa naisoma nyumbani kabla ya kwenda shambani na moyo unasita. Yesu anasema mwalimu wetu ni mmoja, nasi sote ni ndugu. Anaongeza kwamba kiongozi wetu naye ni mmoja, ndiye Kristo. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake wa mwaka 1979 kuhusu katekesi, aliandika kwamba kila katekista angepaswa kuweza kusema kama Yesu: mafundisho yangu si yangu, ni yake aliyenituma. Nimefundisha watoto wengi wa Komunyo ya kwanza na Kipaimara. Wanajibu maswali ya katekisimu bila kukosa hata neno. Lakini nikimuuliza mmoja, "Wiki hii Yesu amekufundisha nini?", anatazama chini. Kosa si la mtoto. Sisi wakubwa hajawahi kutuona tukifundishwa.

Alhamisi moja ya Juni mwaka jana, msimu wa kuchuma kahawa, niliamua kutazama saa. Jumuiya yetu, sisi majirani tunaosali pamoja, ilikutana nyumbani kwa mama mjane. Alikuwa ametandika kitambaa cheupe mezani, akaweka msalaba na mshumaa. Tuliimba, tukasali, msomaji akasoma Injili mbio mbio kama mtu anayekimbia mvua, akakaa. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno. Kimya. Zilikuwa zimepita dakika nne. Hapo yakaanza ya mabati ya kigango, bahasha za zaka, mchango wa mgonjwa na sare za sikukuu ya mtakatifu somo wetu. Tulitoka giza limeshaingia. Yule mama alikuwa ameuzima mshumaa mapema ili usiishe.

Sisemi michango ni mibaya. Kanisa la kigango tumelijenga kwa matofali tuliyofyatua wenyewe, na mgonjwa hali maneno. Lakini maaskofu wa Afrika Mashariki walipoziweka jumuiya ndogo ndogo mbele katika uchungaji wao, mwaka 1976, hawakuwa wanatafuta kamati nyingine za kukusanya fedha. Majirani walitakiwa wakae pamoja mbele ya Neno la Mungu, walione linavyogusa maisha yao.

Ibada kwa Bwana wetu tunazo nyingi, nami nazipenda. Mwezi wa sita tunauheshimu Moyo Mtakatifu, na saa tisa alasiri wapo wanaoweka jembe chini wasali Rozari ya Huruma. Ila naomba tuliangalie vizuri lile neno tunalolirudia mbele ya picha ya Moyo Mtakatifu, kwamba yeye ni mpole na mnyenyekevu wa moyo. Kabla yake Yesu ametamka neno jingine: "mjifunze kwangu." Moyo ule ni wa mwalimu. Tunauwashia mishumaa, na somo hatukai kulisikiliza.

Kwaresima ya mwaka huu tuligeuza utaratibu, baada ya mabishano marefu kidogo. Injili inasomwa mara mbili, na watu wawili tofauti, polepole. Tunanyamaza. Kila mtu anataja neno lililomgusa, hata kama ni neno moja, halafu ndipo tunaulizana linatudai nini. Wazee watazikumbuka zile hatua saba za kusoma Injili pamoja, zilizotoka Lumko, taasisi ya Kanisa huko Afrika Kusini. Si jambo geni, tulikuwa tumeliacha tu. Michango inakuja mwisho kabisa.

Alhamisi ya wiki ya kwanza tulisoma Injili ya kesho yake, ile ya mtu aletaye sadaka madhabahuni akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Mzee mmoja, ambaye hajasalimiana na mdogo wake miaka mingi kwa ajili ya mpaka wa shamba la kahawa, alikaa kimya mpaka wakati wa michango. Alitoa noti yake, akaishika mkononi, akaniuliza, "Mwalimu, hii niitoe sasa, au niende kwanza?" Nilikosa jibu. Mama mjane ndiye aliyemjibu: "Baba, umeshaambiwa." Mzee akarudisha noti mfukoni, akachukua fimbo yake, akaondoka. Mdogo wake hajakubali bado. Lakini mzee amekwenda mara tatu.

Mhariri, nina ombi. Katika jumuiya yetu wapo akina bibi wanaojua kusoma vizuri, lakini maandishi ya Biblia ni madogo na macho yao yamechoka. Gazeti likifika huku linapita mikono mingi kabla ya kufungia maandazi. Tafadhali chapeni Injili ya Dominika kila wiki, nzima, kwa herufi kubwa, na itoke mapema ili itufikie kabla ya Alhamisi.

Katekista,
Mbinga, Ruvuma