Kijani cha mathenge kisihesabiwe kuwa malisho

Mhariri,

Naandika kutoka Bura, Kaunti ya Tana River, ambako siku hizi mfugaji huuliza "picha ya juu imesemaje?" kabla ya kuuliza bei ya mbuzi sokoni. Picha ya juu ni ile ya setilaiti. Ndiyo inayotoa kipimo cha hali ya mimea tunachokisoma katika taarifa za ukame za kila mwezi, na kipimo hicho husaidia kuamua ni kaunti gani ipewe fedha za dharura na ni wafugaji wa wapi walipwe bima ya mifugo. Mimi ni binti wa mfugaji. Kwa miaka saba nimezunguka boma hadi boma nikijaza fomu za ukame: bei ya mbuzi, maziwa yaliyokamuliwa, mwendo wa kufika majini, mkanda wa kupimia mkono wa mtoto kujua kama amekonda kwa njaa. Naifahamu taarifa hiyo kwenye karatasi, na naifahamu vumbini.

Nisieleweke vibaya. Setilaiti imetusaidia sana. Zamani za baba yangu, ukame ulitangazwa mizoga ikiwa tayari imelala kandokando ya barabara ya Garissa. Leo dalili huonekana mapema. Jani lenye afya hunyonya mwanga mwekundu wa jua na kurudisha juu mwanga wa aina nyingine usioonekana kwa macho yetu. Setilaiti hupima mianga hiyo miwili, kisha mwezi huu hulinganishwa na mwezi kama huu wa miaka ya nyuma, mahali palepale. Ukisoma 100, basi hapajawahi kuwa kijani kiasi hicho tangu vipimo vianze. Ukisoma 0, hapajawahi kukauka hivyo. Chini ya 35 ni ukame, chini ya 20 ni ukame mkali, chini ya 10 umekithiri.

Bima ya mifugo inayotegemea picha hizi ilianzia Marsabit Januari 2010. Mwaka 2015 serikali ikaanzisha mpango wake Wajir na Turkana, na baadaye ukafika kwetu. Ubora wake ni kwamba hakuna mtu wa kuja kuhesabu ng'ombe waliokufa, kazi ambayo katika nchi pana kama hii haiwezekani. Kijani kikishuka kupita kiwango fulani, malipo yanatoka. Na siku hizi yamekusudiwa yatoke mnyama akiwa bado amesimama, ili mwenyewe anunue nyasi na maji. Nimeona mama mjane akinusuru mbuzi wake kwa fedha hizo. Siwezi kuusema vibaya mpango kama huo.

Lakini sisi tuna mathenge.

Mti huu uliletwa Bura mapema miaka ya 1980, enzi za mradi wa umwagiliaji, ili tupate kuni na ardhi isichukuliwe na upepo. Haukukaa ulipopandwa. Maganda yake ni matamu, mifugo huyala, mbegu hupita tumboni zikiwa nzima na kuanguka na samadi popote mnyama alipofika. Mto Tana ukifurika, maji huzisomba na kuzipanda mbali zaidi. Sasa kuna vichaka kando ya mto ambavyo ng'ombe akiingia humwoni tena, na mwenye kumfuata hutoka na miba miguuni. Chini ya vichaka hivyo hakuna hata unyasi mmoja. Na kwa kuwa mizizi yake hushuka chini sana kutafuta maji, mathenge hubaki kijani hata pale kila kitu kingine kimekuwa rangi ya mchanga.

Sasa jiweke mahali pa setilaiti. Palepale ambapo miaka ya nyuma nyasi zilikauka kiangazi na kipimo kikashuka, leo inaona majani mabichi. Italinganisha na itasema hali ni nafuu kuliko zamani. Haijadanganya. Imeulizwa kama kuna kijani, ikajibu kipo. Hakuna aliyeiuliza kama kijani hicho kinaliwa.

Mwaka 2022, mvua zilipokosekana msimu baada ya msimu hadi ikatimia mitano mfululizo, zaidi ya mifugo milioni 2 walikufa katika kaunti kame za Kenya. Kaka yangu alipoteza ng'ombe 14 kati ya 19. Alikuwa amelipa bima. Eneo letu halikulipwa msimu ule, kwa sababu kipimo hakikushuka vya kutosha. Siku habari hiyo ilipotufikia nilikwenda kwa mzee mmoja jirani, nikamwonyesha kwenye simu ramani ya eneo letu ikiwa na ukanda mzuri wa kijani kando ya mto. Aliitazama kwa muda. Kisha akaniambia, "Njoo, mwanangu." Akamshika beberu wake, akamfungua mdomo kwa vidole viwili. Meno ya mbele yalikuwa yamelegea, mawili yameng'oka, na kwenye ufizi uliovimba kulikuwa kumebaki nyuzi za maganda ya mathenge. Yule beberu alikuwa anakufa kwa njaa akiwa amezungukwa na majani. Mzee akamwachia, akasema, "Waambie wenye picha hizo kwamba mbuzi hali rangi."

Si sisi peke yetu. Baringo nako mathenge umewatesa watu hadi wakaenda mahakamani, na mbuzi asiye na meno akapelekwa kama ushahidi. Ila Baringo hiyohiyo inatuonyesha pia njia ya kutoka. Watafiti walichukua picha za zamani na za sasa za setilaiti wakachora ramani ya mathenge: mwaka 1988 ulikuwa umefunika hekta zisizofika 1,000, na kufikia 2016 ulikuwa umepita hekta 18,000. Kwa hiyo setilaiti inaweza kuujua mathenge. Tabia ileile inayoivuruga, ya kubaki kijani kiangazi, ndiyo inayoutambulisha: kinachong'aa kijani mwezi wa pili, mbali na shamba la mtu na mbali na msitu wa asili wa mtoni, kwa sehemu kubwa ni mathenge. Wachungaji wetu wangeweza kuwaambia wataalamu hilo siku nyingi, kama wangeulizwa.

Sioni kisingizio cha gharama. Picha za kumbukumbu za setilaiti za Marekani za Landsat, zilizoanza kupigwa mwaka 1972, zimekuwa bure kwa kila mtu tangu 2008. Setilaiti za Ulaya za Sentinel-2 hupita kila baada ya siku chache na kuona kipande cha ardhi cha mita 10 kwa mita 10, nazo picha zake ni bure. Kituo cha kikanda cha ramani kipo Kasarani, Nairobi, tangu 1975. Vijana wetu waliosomea kazi hii wapo, wengine hawana ajira.

Ninachoomba ni kwamba kabla ya kukokotoa kipimo cha malisho, maeneo yaliyomezwa na mathenge yatolewe kwenye hesabu, na ramani ya maeneo hayo ipitiwe upya kila kiangazi pamoja na watu wanaochunga huko. Niliuliza kampuni iliyotuuzia bima mathenge unahesabiwaje. Niliambiwa jibu liko makao makuu. Sijalipata hadi leo. Mtu anayelipa ada kwa kuuza mbuzi wake ana haki ya kujua kipimo kinachomhukumu kimetengenezwaje, tena kwa lugha anayoielewa. Taarifa nyingi za ukame hutoka kwa Kiingereza, zimejaa grafu. Dakika tano za Kiswahili kwenye redio zetu, mara moja kwa mwezi, zingetosha kuanzia.

Hili linahusu mafuriko pia. Ukame ule ulifuatwa na mvua za El Niño za Novemba 2023, na sisi wa Tana tukahama na magodoro vichwani. Kuna setilaiti za rada zinazoona maji hata mawingu yakiwa yametanda, usiku na mchana, na ramani za mafuriko zilichorwa kwazo. Hapa kijijini hatukuona hata moja. Tulijua maji yamefika yalipoingia nyumbani.

Wanaosimamia vipimo hivi nawakaribisha Bura mwezi wa pili, kabla ya masika. Waje na ramani zao. Mzee yule bado yupo, amesema atawatembeza kwa miguu kutoka mtoni hadi mwisho wa vichaka, na kila walipoandika "malisho" atawaonyesha kilichopo.

Mfugaji na msomaji wenu,
Bura, Tana River