Barua ya wazi kwa Waziri wa Maafa: kiama kibaki msikitini na kanisani

Mheshimiwa Waziri wa Misaada, Maandalizi ya Maafa na Wakimbizi, Uganda,

Sisi ni wafasiri na walimu wa Kiswahili. Tunakuandikia kuhusu neno moja, kiama, ambalo tunaomba lisiingie kamwe katika matangazo ya tahadhari ya Kiswahili.

Kiama kimetoka kwenye Kiarabu, katika shina lenye maana ya kusimama. Ni siku wafu watakaposimama kuhukumiwa; sura ya 75 ya Kurani ina jina hilo. Mtaani neno limepanuka likawa maangamizi yoyote, na katika hadithi halidhuru. Katika tangazo linadhuru, kwa sababu kiama hakikimbiwi. Anayeambiwa kimefika hupiga magoti, hafungi virago. Na nchi iliyoona moto wa Kanungu, Machi 17, 2000, ulioteketeza mamia ya waumini wa dhehebu lililongoja mwisho wa dunia, haina sababu ya kulichezea neno hili.

Maangamizi nayo yana mtego wake. Yametokana na kuangamiza, kwa hiyo nyuma yake yupo aliyeangamiza. Mvua haina nia. Yaachiwe vita na mauaji ya halaiki. Neno la jumla linalofaa ni maafa, na ndilo linalotumiwa na idara ya serikali inayoshughulikia mambo haya Tanzania. Janga si baya, ila tangu korona wengi wakilisikia hufikiria ugonjwa.

Lakini neno la jumla halimhamishi mtu. Litajwe tukio lenyewe: mafuriko, radi, maporomoko ya ardhi. Hilo la mwisho lisikatwe, maana kwenye miteremko ya Mlima Elgon "maporomoko" peke yake yaweza kuwa Sipi, maji ambayo watalii hulipa kuyaona! Kitenzi nacho kiangaliwe: "yametokea" huita waokoaji, "yanaweza kutokea" huhamisha watu.

Mfano, kwa Bududa, wilaya iliyo kwenye miteremko hiyo, ndani ya herufi 160 za ujumbe mmoja wa simu:

"TAHADHARI: Maporomoko ya ardhi yanaweza kutokea Bududa usiku huu. Hameni miteremkoni kabla ya giza. Msilale kando ya mito."

Inabaki nafasi ya herufi zaidi ya 30. Hiyo ni ya jina la shule au kanisa la kukimbilia, na wa kulijaza ni ofisa wa wilaya, si mfasiri aliye Kampala.

Wako,
Wafasiri na walimu wa Kiswahili