Dada, yule hakuwa mke

Shikamoo, dada. Msiba wa mama mkubwa nimeupata kwa watu, siku nne baada ya mazishi. Mungu amrehemu. Dar na Tanga ni basi moja tu, ungeniambia ningefika. Nilitaka kukupigia, lakini ungekata simu kabla sijafika ninapotaka kufika, yaani Chenonceau, lile kasri la Ufaransa.

Nakumbuka ulivyonipokea stesheni ya Tours na koti lako la pili mkononi, ukanivalisha na kunifunga vifungo kama mtoto wa chekechea. Safari ya treni haikufika hata nusu saa. Kisha lile kasri, limekaa juu ya mto Cher, maji yanapita chini ya matao yake. Ulikuwa na furaha kama vile nyumba ni yako na mimi ndiye mgeni wako.

Jikoni ndiko tulikokaa sana, kule chini ndani ya nguzo za daraja. Masufuria ya shaba yamepangwa kwa ukubwa, kuanzia la yai moja hadi la harusi. Ukanishika mkono: "Si lile la baba hili?" Lilikuwa lile kabisa, la Idi, pilau moja inagawiwa nyumba mbili, na baba mwenyewe kashika upawa asije mtu akasema kapunjwa. Tulicheka mpaka mlinzi akatugeukia. Laiti tungerudi nyumbani kutokea pale pale.

Tukapanda chumba cha Diane de Poitiers. Wewe ndiye uliyenionyesha herufi H na C za mfalme na malkia, zilivyosukwa hadi jicho linaona D. Ukanieleza: Mfalme Henri wa Pili alimpa Diane kasri mwaka 1547, Diane akajenga daraja na kupanda bustani. Mwaka 1559 mfalme akafa kwa jeraha la jicho alilolipata kwenye mchezo wa mikuki, na Catherine de' Medici, mjane wake, akamtoa Diane na kumpa kasri la Chaumont badala yake. Leo picha ya Catherine ndiyo imetundikwa juu ya meko ya chumba cha mwenzake. Ukaitazama ile picha, ukasema, "Si ndiyo haya ya kwetu? Mtu anakaa nyumba ya watu mpaka anaizoea."

Dada, Diane alikuwa kimada. Mama yangu aliolewa. Mahari ilitolewa, mashahidi walikuwepo, babu alikaa mkekani akaitikia dua. Mke wa pili ni mke. Thumni ya baba ilikuwa yao wawili, sawa kwa sawa. Marehemu hasemwi, najua, lakini siku ya arobaini ya baba, wageni wakiwa bado wanakula, mama yangu alinyang'anywa funguo, na mkoba zilimotiwa uliushika wewe. Ulikuwa mkoba wa ukili, mshipi wake umeshonwa kwa uzi mwekundu. Hata Catherine alitoa Chaumont. Sisi tulihamia chumba cha kupanga.

Sasa umebaki wewe mkubwa wetu. Nakusihi nyumba isiuzwe kwa hasira, na wadogo zetu wasikae nje ya mlango wa baba yao. Ukiudhiwa, nyamaza kwanza, kama nilivyonyamaza mimi. Sikukujibu neno. Niliingia kwenye ule ukumbi alioujenga Catherine juu ya daraja la Diane, mita 60, vigae vyeusi na vyeupe, nikatembea mpaka mlango wa mwisho. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia ulikuwa wodi, majeruhi zaidi ya 2,000 walilazwa pale. Nikalia dirishani. Niliporudi sikukuona, nikadhani umeshatoka, nikaenda stesheni.

Hapana. Nilikuona. Ulikuwa bustanini kwa Diane na koti lako jekundu, unageuka huku na huku unanitafuta, na bado nikapanda treni. Lakini mtu aliyesikia mama yake akifananishwa na kimada, ulitaka afanye nini?

Koti lako la pili ninalo, la sufu, limetundikwa nyuma ya mlango kwenye joto hili la Dar. Mfukoni mna tiketi zetu mbili.

Nimesikia utakaa Tanga hadi arobaini. Nakuja. Nikibisha hodi, unifungulie wewe mwenyewe, usimtume mtoto.