Shosti, nimeisikia voisi yako

Shosti wangu mambo, najua sio mazuri ila ndo nshazoea kuanza hivyo. Voisi yako ya juzi usiku nimeisikiliza mara tatu, ya kwanza nilikua kwenye daladala nikashindwa kujibu, nikaona bora nikuandikie maana nikipiga simu tutaishia kulia wote.

Umesema tangu tumzike mama hujasali hata siku moja, ukifumba macho unaiona wodi. Sawa. Mi sikuandikii kukwambia urudi kusali, wa kukwambia hivyo ni wengi na najua washakuchosha. Kilichoniuma ni yule aliyekuambia pale msibani kwamba eti imani yenu ilikua ndogo. Jamani! Watu mmefunga, mmekesha, mmeomba mpaka sauti zimekauka, halafu mtu na sahani ya pilau la msiba mkononi anakuja na hiyo. Akasome habari ya Getsemane, ile bustani Yesu alikoomba usiku aliokamatwa. Yesu mwenyewe aliomba kikombe kimwepuke na hakikumwepuka, na marafiki aliowaomba wakeshe nae walikua wamelala fofofo, sasa na yeye imani yake ilikua ndogo?

Tena hapo hapo Getsemane kuna kitu nilikua nakisikia kila Ijumaa Kuu bila kukitilia maanani. Mathayo anasema alienda kuomba mara ya tatu "akisema maneno yale yale". Unakumbuka sie Walutheri wa KKKT tulivyokua tunamcheka mama mkwe na rozari yake, Salamu Maria hamsini mfululizo, tunasema si ndo kule kupayuka-payuka Yesu alikokataza? Kumbe siku ilipombana na yeye alirudia. Na pale msalabani hakutunga sala mpya, ile "Mungu wangu, mbona umeniacha" ni mwanzo wa Zaburi ya 22, maneno aliyokuta yapo akayaazima. Mtu anakata roho atatunga saa ngapi?

Mi naona tulilelewa tukiamini muombaji ni yule mwenye kupanga maneno, mzee wa kanisa akisimama robo saa nzima hajajikwaa basi wote tunaitikia amina kwa nguvu. Ndo maana ukikosa cha kusema unaona umeachana na Mungu. Wakati hata waliokua wanakula na kulala na Yesu ilibidi waseme "Bwana, tufundishe sisi kusali", ipo Luka 11, na walichopewa ni ile Baba Yetu, kitu kifupi unakimaliza hata chai haijachemka.

Na hicho kifupi mimi kilinishinda mwaka jana, sijawahi kukwambia. Si unamjua yule niliyemkopesha laki tatu akawa hapokei simu? Basi Jumapili tukifika kwenye "utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu" nafunga mdomo. Wakatoliki wenzetu wanasema "makosa yetu" wana nafuu, sisi tumeandikiwa deni kabisa, na yule mtu anakaa benchi la tatu mbele yangu namuona kisogo 😂. Miezi minne kila Jumapili naruka mstari. Nikawa nasikia watu wa kulia na kushoto wanausema, we mwenyewe umekaa kimya ila sala inaendelea haikusubiri wewe. Siku moja nikajikuta nimesema nao, sijui hata ilikuaje, wala sikua nimemsamehe vizuri.

Ukija kutaka ya kulalamika, fungua Zaburi 88. Nyingi zinaanza na kilio zikafika mwisho zinasifu, hii haina hayo, inaanza vibaya inaishia gizani, na waliiweka humo humo kwenye Biblia na kuiita wimbo, ya wana wa Kora, wale waimbaji wa hekaluni. Isome kwa hasira yako yote, na amina usiseme kama hutaki.

Hutaki hata hiyo acha. Mama mkwe kila jioni akishika rozari anakutaja wewe na anamtaja marehemu, nikamwambia lakini mama huyu dada amesema hasali siku hizi, akanijibu bila hata kuinua macho, "basi namshikia zamu", akaendelea na punje zake. Sikuongeza neno.

Jumamosi nakuja, nitapanda gari la asubuhi. Nabeba dagaa na ndizi, wewe usipike, na kile chumba cha mama kama bado hujaweza kukifungua tutakifungua wote au tutakaa nje barazani tu, vyovyote. Geti uliache wazi maana kengele yenu ishakufa.

Wako yule yule.

NB: Yule wa laki tatu kanitumia elfu hamsini jana, hajaandika hata salamu. Bado mbili na nusu.