Ngao ikishachongwa, herufi haifutiki

Wiki iliyopita mjumbe mmoja wa kamati ya mahafali alisimama kaunta kwetu, hapa tunapochonga ngao za tuzo, mbele za watu, akisema tumemtapeli. Mkononi ngao ya akriliki, yaani plastiki ngumu, na nyingine 39 kwenye boksi: "CONGRATULATION FOR YOUR HARDWORK". Maneno alituma mwenyewe kwa WhatsApp. Tulimshauri alipie sampuli na kusomewa maandishi, shilingi 10,000, akajibu, "Chonga hivyo hivyo kaka, muda hamna." Mkuu wa shule alizikataa zote.

Karatasi ukikosea unaprinti nyingine. Leza ikishapita kwenye akriliki basi, ni shiti mpya, na shiti hatupewi bure. Kwa hiyo kazi ya pili hulipiwa upya.

Neno la kupongeza huishia na s hata anayepongezwa akiwa mmoja: "Congratulations". Linalofuata ni "on": "Congratulations on your graduation". Kwenye mazungumzo "for" utaisikia sana, ila ngao inakaa ukutani miaka. "Hard work" ni maneno mawili, sawa na "well done", ambayo kila msimu huletwa hapa kama "weldone".

Hoteli moja ilileta kadi 500 za vikapu vya matunda: "With our complements". Wao walilipia sampuli, na binti yetu wa dizaini akalinasa kosa. Kachumbari ni "complement" ya pilau, inaikamilisha. Ukimsifu mpishi, hiyo ni "compliment", kwa i, na ndiyo inayoandikwa kwenye zawadi.

Halafu kuna bosi aliyetaka tutoe s kwenye "Kudos" kwa kuwa mfanyakazi bora alikuwa mmoja tu. Nikamwambia neno ni la Kigiriki, maana yake utukufu, na s hiyo si ya wingi. Hakuniamini. Akapekua simu palepale, akacheka, akalipa.

Mimi ningeandika "Hongera" tu, sijaona aliyeikosea. Lakini mteja akitaka Kiingereza tunamchongea Kiingereza.

Ile 10,000 mnayoiita ghali ni watu wawili kusoma maandishi, kila mmoja kwa wakati wake, kisha wewe unasaini sampuli. Baada ya hapo mashine ikikosea tunarudia kwa gharama zetu. Maneno uliyosaini ni yako.

Zile ngao 40 mwenyewe aliziacha. Tunajaribia leza kwa upande wa nyuma.