Filamu ya Jumamosi: The Changeling

Ndugu wanakikundi,

Jumamosi hii, saa tatu usiku, kila mmoja akiwa kwake, tutatazama The Changeling, filamu ya Kanada ya mwaka 1980 iliyoongozwa na Peter Medak, ambayo naamini haijapewa heshima inayoistahili hata na sisi wapenzi wa filamu za kutisha. Nilipoianza nilitarajia milango ya kujifunga na makelele tuliyoyazoea. Ilipokwisha nilikaa kimya kwa muda mrefu, taa zote zikiwaka.

George C. Scott anaigiza mtunzi wa muziki aliyefiwa na mkewe na binti yake katika ajali ya barabarani, kisha akahamia Seattle na kupanga jumba kuukuu. Tazameni kwa makini mpira mdogo wa marehemu binti yake: unadunda ngazini hadi chini, naye anakwenda kuutupa mtoni, lakini arudipo nyumbani unashuka tena, safari hii ukiwa umelowa maji. Hakuna damu wala jitu, ni mpira tu, na bado unatisha kuliko filamu nyingi za gharama kubwa.

Baada ya kikao cha kumwita mzimu, anausikiliza upya mkanda wa kinasa sauti na kukuta sauti ya mtoto ambayo hakuna aliyeisikia chumbani. Kwa ajili ya tukio hilo, nawaomba mvae vipokea sauti vya masikioni.

Waliokwisha kuiona wasitaje mzimu huo ni wa nani. Mjadala utaanza Jumapili alasiri.