Kombe la 2027: nani atashona?

Mhariri,

Wengi hapa Mombasa wanalia kwamba Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, ambalo Kenya inaandaa pamoja na Uganda na Tanzania, litatupita kwa kukosa uwanja. Inauma kweli. Kazi ya Uwanja wa Manispaa imekokotwa miaka na mikaka, na CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, ilipokuja Kenya Agosti 2025, ilichezwa viwanja vya Kasarani na Nyayo, Nairobi, sisi tukaitazama kwa runinga. Lakini mimi ni fundi cherehani, na swali langu ni jingine: nani atashona?

Mashindano kama haya yanakula kitambaa. Kuna bibu za mazoezi, vizibao vya wapiga picha, sare za wahudumu wa kujitolea, mikoba ya wageni, bendera za barabarani, fulana za watoto waokota mipira. Vyote hivyo vyaweza kushonwa mtaani kwetu Majengo hata kama hakuna mpira utakaopigwa kisiwani. Sisi mafundi wa sare za shule Januari hatulali. Ikifika Juni twatia viraka.

Sheria ipo. Asilimia 30 ya zabuni za serikali zimetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Ila zabuni ikitangazwa kwa maelfu ya nguo kwa mkupuo mmoja, ataichukua mwenye makontena naye aagize Uchina. Afrika Kusini yaliwapata hayo 2010: vinyago vya Zakumi, nembo ya Kombe la Dunia lao wenyewe, vilitengenezwa Uchina. Basi oda zigawanywe mafungu madogo, vipimo na aina ya kitambaa vitangazwe mapema, na malipo ya awali yatoke. Kikundi chetu kiliwahi kushonea ofisi moja makoti ya kazi (jina silitaji), na pesa zilipofika zilikuwa za kulipia madeni ya kitambaa tu.

Machi 2007 hapa Mombasa tuliandaa Mbio za Nyika za Dunia, kwenye viwanja vya gofu. Mji ulifurika, joto likamtoa mbioni hata Kenenisa Bekele, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Siku ya pili gofu ikarudi kuwa gofu. Simjui fundi aliyebaki na ovaloki (mashine ya kufunga kingo za kitambaa) hata moja kutokana na shughuli ile.

Kikundi kilichowahi kutimiza oda ya Kombe kina cha kuonyesha kikiomba kushona sare za hospitali, au jezi za timu zetu za mtaani ambazo leo zinaagizwa nje. Naiomba Kaunti ya Mombasa iwadai waandalizi orodha ya nguo zinazohitajika, na iibandike Tononoka, Kongowea, Likoni na Changamwe, si kwenye tovuti peke yake. Mafundi wengi hawazipiti tovuti za zabuni.

Fundi cherehani,
Majengo, Mombasa